Bunduki ni mateka wa risasi yake: kisa cha milimita 11, kutoka Songwe hadi Ngomano

Ukisimama kwenye daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, wilayani Kyela, utaona mambo ya kawaida ya mpakani. Malori yanasubiri karatasi, akina mama wana ndizi zao, vijana wanabadilisha shilingi kwa kwacha, bodaboda hazitulii. Mto wenyewe si mkubwa wa kutisha. Ukivuka uko Malawi, na Karonga iko mbele yako kama kilomita 50 hivi.

Sasa rudi nyuma hadi Septemba 1914. Mto huuhuu ulikuwa mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza, na vita ilikuwa na mwezi mmoja tu. Kapteni von Langenn-Steinkeller aliuvuka na askari wake kutoka upande wa Tukuyu, enzi hizo Neu-Langenburg, akaenda kuishambulia Karonga. Tarehe 9 Septemba kikosi chake kilipigwa vibaya, yeye mwenyewe akajeruhiwa, na waliobaki wakarudi upande wetu.

Vitabu vingi vinaeleza vita hii kwa majina ya makapteni na majenerali. Leo nataka tuiangalie kwa kitu kidogo kinachoenea kiganjani: risasi. Kuna swali ambalo mwanafunzi yeyote makini angeuliza, na jibu lake lina fizikia, siasa na damu ya watu ndani yake. Ikiwa askari wengi wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za risasi za kizamani, kwa nini bunduki hizo hazikubadilishwa tu zikatumia risasi mpya?

Tuanze na risasi yenyewe

Mtaani tukisema "risasi" tunamaanisha kitu kimoja, lakini risasi ya bunduki ya kisasa ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Kuna ganda la shaba linaloshikilia vyote. Ndani ya ganda kuna baruti. Na kwenye kitako cha ganda kuna fataki ndogo inayowaka ikigongwa na pini.

Bunduki inajengwa kuizunguka risasi hiyo. Chumba ambamo risasi inakaa kinachongwa kwa umbo la ganda lake, na kipenyo cha mtutu kinafuata kichwa chake. Bolti, ile sehemu unayoisukuma na kuifunga kwa mkono, lazima ishike kitako cha ganda sawasawa na ihimili mgandamizo wa gesi baruti inapowaka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "bunduki ile ni nzuri", muulize kwanza inakula nini. Ni kama simu na chaji: simu iwe kali kiasi gani, pini ikigoma umebaki na kioo cha kujitazamia. Tofauti ni kwamba chaji isiyofaa haikulipukii usoni.

Kabla ya mpaka: magobore

Wazee wetu wa ufukweni walizijua bunduki kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 1887 Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde, ndugu wa karibu wa Wanyakyusa. Mwezi Oktoba mwaka huo, penye rasi ya maji ya Kambwe, watu waliokimbilia kwenye matete waliuawa kwa bunduki na mikuki huku matete yakichomwa moto. Kampuni ya Waskoti ya African Lakes iliingia vitani dhidi ya Mlozi. Lugard, yule ambaye baadaye alisifika Uganda na Nigeria, alijeruhiwa Juni 1888 akiishambulia ngome hiyo. Mlozi alikamatwa na kunyongwa Desemba 1895.

Silaha iliyoenea zaidi mikononi mwa Waafrika wakati huo ilikuwa gobore. Gobore halina ganda wala risasi ya kiwandani. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unaweka kipande cha risasi, cha chuma au hata kokoto, unawasha. Ni polepole na shabaha yake ni ya kubahatisha, lakini lina uhuru wa ajabu: linakula karibu chochote.

Wakubwa wa Ulaya walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi tunavyodhani. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotiwa saini kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kyela imo, Karonga imo, Tanganyika nzima imo. Bunduki za mtutu wenye mifuo na zile zinazopakiwa kwa nyuma zilibaki kuwa za serikali na watu wenye kibali. Mwafrika wa kawaida aliachiwa gobore na baruti ya dukani. Yaani mgawanyo wa nani atawale na nani atawaliwe uliandikwa, kwa sehemu, kwa lugha ya aina ya risasi.

Bunduki ya 1871 katika vita ya 1914

Wajerumani hawakuwapa askari wao Waafrika silaha bora waliyokuwa nayo. Makampuni mengi ya askari katika koloni hili yaliingia vita ya 1914 na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya bolti ya risasi moja moja. Unapiga, unafungua bolti, unatoa ganda, unaingiza risasi nyingine kwa mkono. Kichwa cha risasi yake kilikuwa cha milimita 11, chenye uzito wa gramu 25 hivi, kikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde. Ukikupata, umekwisha. Wala nguvu haikuwa tatizo lake kubwa.

Tatizo lilikuwa moshi. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa chumvi ya shura, mkaa na salfa, takribani kwa asilimia 75, 15 na 10. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kama chembechembe ngumu zinazoelea hewani, na ndizo wingu jeupe unaloliona. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki. Hiyo inageuka karibu yote kuwa gesi. Miaka miwili baadaye Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8, na nchi nyingine zikaanza kukimbizana. Ujerumani ilijibu mwaka 1888 kwa risasi mpya ya milimita 7.92, kisha Mauser maarufu ya 1898 ikafuata.

Sasa jiweke kwenye viatu vya askari aliyelala kwenye majani marefu ya bonde, ana bunduki ya 1871. Anapiga risasi yake ya kwanza. Wingu linapanda juu ya kichwa chake. Yeye haoni mbele, ila adui aliye mita 300 anaona vizuri kabisa pa kulenga. Ili apige ya pili lazima ahangaike na bolti na mfuko, huku mwenzake wa upande wa pili ana risasi kadhaa tayari ndani ya bunduki na hakuna moshi unaomchongea. Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakulificha jambo hili katika kumbukumbu zake: moshi wa bunduki za 1871 uliwaweka askari wake hatarini porini.

Watu wanasema tu kwamba silaha zilikuwa za zamani. Mimi naona tuseme waziwazi zaidi. Mjerumani wa Berlin alikuwa ameacha kutumia teknolojia hiyo kwa miaka mingi, lakini ilionekana inamtosha Msukuma, Mmanyema au Mnyamwezi aliyevaa sare yake.

Kwa nini wasibadilishe tu?

Swali letu limefika. Kwa nini usichukue Mauser ya 1871, ukaipa mtutu na chumba cha milimita 7.92, maisha yakaendelea?

Tatizo la kwanza ni mgandamizo. Baruti mpya inaisukuma gesi kwa mgandamizo wa takribani mara mbili ya ule wa baruti nyeusi. Bolti ya 1871 inashikiliwa na ukingo mmoja tu ulio kwenye mzizi wa mkono wake. Bolti za 1888 na 1898 zina meno mawili imara mbele kabisa, karibu na risasi, yanayogawana mzigo, na chuma chake pia ni bora. Kuipa bunduki ya kale risasi mpya ni kuchezea maisha ya anayeishika, kwa sababu bolti inaweza kurudi nyuma, na nyuma ndiko lilipo jicho lake.

Pili ni viwanda. Kubadilisha risasi ya bunduki ni kazi ya mashine za kupima sehemu ndogo mno za milimita. Angalia Ujerumani kwenyewe: mwaka 1905 jeshi lilipoanza kutumia kichwa kipya chenye ncha kali, kipenyo kiliongezeka kwa kama milimita 0.1 tu. Tofauti ndogo hiyo, unene wa karatasi, ilitosha kulazimisha bunduki za 1888 kurudishwa karakanani zirekebishwe na kupigwa alama ya S. Huko kulikuwa na karakana za jeshi na reli. Huku kulikuwa na meli za kivita za Kiingereza zimeziba bahari.

Tatu ni siasa, na hapa wawindaji wanaingia. Mwaka 1907 Waingereza walipiga marufuku bunduki za inchi 0.450 huko India na Sudani, kwa hofu kwamba vichwa vya risasi zake vingelisha bunduki za zamani zilizokuwa mikononi mwa waasi. Watengenezaji wa bunduki za kuwindia wakabuni risasi za vipimo vingine kidogo, kama 0.470, ambayo baadaye ilipendwa sana na wawindaji wa tembo Afrika Mashariki. Baada ya vita, Wajerumani nao waliwekewa vikwazo juu ya risasi za kijeshi. Wawindaji wao wengi wenye bunduki za bolti za milimita 8, zenye ganda la urefu wa milimita 57, walichongesha chumba cha bunduki kikawa kirefu zaidi ili kipokee ganda la milimita 60. Bunduki ni ileile na mnyama ni yuleyule, ila kwenye karatasi si risasi ya jeshi tena.

Unaona? Mara nyingi risasi inabadilishwa kwa sababu mtu fulani ofisini ameamua nani apate nini, wala haina uhusiano na mnyama au shabaha.

Risasi nne katika jeshi moja

Wajerumani wa huku, basi, hawakuweza kubadilisha risasi ya bunduki zao. Walichofanya ni kuokoteza bunduki zenye risasi zake.

Novemba 1914, Waingereza walipotua Tanga na kushindwa, waliacha bunduki nyingi, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Hizo ni za inchi 0.303, yaani milimita 7.7. Aprili 1915 meli ya Rubens iliponyoka doria ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa na kuzama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi walitoa bunduki mpya za 1898 zipatazo 1,800 pamoja na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Ilibidi risasi zifunguliwe, baruti ikaushwe, zifungwe tena, na bado nyingine ziligoma kulipuka. Hebu fikiria uvumilivu wa kazi hiyo, ganda moja moja, kwa mikono. Machi 1916 meli nyingine, Marie, ilifika Sudi, kusini mwa Lindi, na shehena zaidi.

Huku kwetu mambo yalikuwa yanageuka. Ziwani Wajerumani walikuwa wamezidiwa mapema: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliivizia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ikaifanya isifae. Mwishoni mwa Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka na majeshi yake kutoka Nyasaland na Rhodesia, akaingia Tukuyu. Kyela ikawa imetoka mkono mmoja wa kikoloni na kuingia mwingine. Pale Masoko, makao ya Kampuni ya 5 ya askari, mpaka leo utasimuliwa kwamba Wajerumani walitupa fedha na silaha katika ziwa la Kisiba kabla ya kukimbia. Hadithi hiyo ina mantiki yake. Silaha usiyoweza kuilisha ni mzigo, na mzigo unautupa.

Ngomano, 25 Novemba 1917

Kufikia mwisho wa 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amesukumwa hadi Mto Ruvuma, risasi zimemwishia. Baadhi ya askari walikuwa bado na bunduki za 1871. Tarehe 25 Novemba alivuka mto na kuivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, Msumbiji. Kamanda wao, Meja Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani walipata bunduki nyingi na risasi kama robo milioni. Hapo ndipo Mauser nyingi za milimita 11 zilipoachwa hatimaye. Hazikubadilishwa risasi. Walibadilishwa watu bunduki.

Na bunduki hizo za Wareno zilikuwa zipi? Mauser-Vergueiro ya 1904, ya milimita 6.5, iliyoagizwa na Ureno na kutengenezwa Berlin. Ndiyo, Berlin! Askari wa Mjerumani alilazimika kuivamia kambi ya Mreno ili apate bunduki nzuri ya Mjerumani.

Kuna kipande kingine kinachofunga kisa. Miaka ya 1930 Ureno ilianza kutumia risasi ya Kijerumani ya 7.92, ikazibadilisha nyingi ya Vergueiro zake zipige risasi hiyo. Safari hii iliwezekana. Ganda la risasi ya zamani na la mpya yana urefu unaokaribiana, vitako vyake vinakaribia kulingana, bolti ni ya kizazi cha baruti isiyo na moshi, na Ureno ilikuwa na karakana na amani ya kufanyia kazi. Masharti yote yaliyokosekana huku mwaka 1914 yalikuwapo.

Aliyebeba uzito

Nimeacha hesabu moja makusudi. Risasi moja ya milimita 11 ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 40. Ya 7.92 ilikuwa gramu 24 hivi. Chukua mzigo wa kilo 25 kichwani mwa mpagazi mmoja. Kwa risasi za zamani anabeba kama 600. Kwa mpya anabeba zaidi ya 1,000. Kwa hiyo kila uamuzi wa kubakiza risasi nzito ulikuwa uamuzi wa kuongeza vichwa vya kubebeshwa.

Na waliobebeshwa tunawajua. Upande wa Malawi waliitwa tengatenga. Upande wetu, vijana wa Unyakyusa, Ukinga, Ubena na kwingineko walichukuliwa vijijini, wakapanda milima ya Livingstone na kushuka mabondeni na masanduku ya risasi wasizoruhusiwa kuzimiliki. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao walikaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa kupigwa risasi.

Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alirudi kuvuka Ruvuma, akapita Songea na Ubena, akaizunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala. Waliohesabiwa ni pamoja na askari 1,168. Zilihesabiwa pia rashasha 37, saba tu zikiwa za Kijerumani, bunduki 1,071 zilizotajwa kuwa za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Jeshi la Kijerumani lilimaliza vita likila risasi za maadui zake.

Tubaki na nini?

Tukifundishwa historia ya silaha tunaonyeshwa bunduki kwenye kabati la makumbusho, chuma na mti, basi. Bunduki hiyo haikuwahi kuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kiwanda kinachotengeneza ganda, meli inayolileta, mkataba unaosema nani alipate, na kijana wa Kyela anayelibeba. Anayeshika kamba hiyo ndiye mwenye bunduki, hata kama hajawahi kuigusa. Angalia hata jina la sheria yetu ya 2015: Udhibiti wa Silaha *na Risasi*. Maneno hayo mawili ya mwisho hayakuwekwa kwa kujaza nafasi.

Siku nyingine ukivuka Songwe pale Kasumulu kwenda kununua kitu Karonga, angalia bonde lile kidogo. Na kama babu au bibi yako alikuwa na simulizi la mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile, mwandike jina lake mahali. Bunduki 1,071 za Abercorn zilihesabiwa moja moja. Wapagazi wengi hawakuhesabiwa.